Salamu za Krismasi kutoka Marangu, pamoja na habari zenu wenyewe

Ndugu zangu wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mliomaliza 1983 na mliojikuta mmesogezwa hadi 1984 kwa sababu mnazozijua wenyewe, hamjambo? Wakubwa zangu, shikamooni. Leo ni Jumapili, tarehe 22 Desemba 2024. Nimetoka ibada ya kwanza, nimekaa jiko la nje, kwenye mafiga. Jiko la gesi walilonunua wanangu liko ndani linang'aa, lakini sufuria la mbege, pombe yetu ya ndizi, halina pa kukaa juu yake. Ndizi nilizichemsha Jumatano, zimetulia kwenye pipa. Kesho nitapika uji wa kimea cha ulezi nichanganye, na gome la msesewe la kutia uchungu nimeshaletewa. Kwa hiyo leo nina nafasi, na mikono ni mikavu.

Kwanza tahadhari. Salamu za mwaka jana niliwatumia ninyi peke yenu, saa tatu usiku. Saa moja asubuhi nikapigiwa simu na mdogo wangu aliyeko Arusha, ambaye Mlimani amepaona kwa dirisha la basi tu, ananiuliza harusi ya tatu ya fulani ilikuwaje. Mwaka huu sitaji jina la mtu. Wenyewe mtajijua na wenzenu mtawajua, ila yule wa Arusha atapata taabu kidogo.

Mnajua kwa nini niliomba habari. Kundi letu hili la kwenye simu limekuwa ubao wa misiba. Tangu Januari hadi mwisho wa Oktoba tumeweka picha ya mshumaa mara saba, na mara mbili mshumaa wa kwanza ulikuwa haujaondolewa. Tunaandika pole, tunaandika apumzike kwa amani, tunaandika Innalillahi, tunachanga, kisha kimya mpaka wa kufuata. Mtu akishazikwa ndipo tunaambiwa kumbe alikuwa anafuga nyuki Manyoni. Mimi na huyo wa nyuki tulikuwa vyumba vya jirani miaka mitatu. Ningependa sana kumuuliza habari za hao nyuki akiwa hai.

Basi Novemba nikawaomba kila mmoja mistari miwili: uko wapi, unafanya nini. Nikaongeza kwamba vipimo vya sukari na presha msinitumie. Mmejibu thelathini na mmoja, na kumi na wanne kati yenu mmeanza na sukari.

Niliyasoma majibu yote usiku mmoja, na nikajiona nimesimama tena mbele ya ule ubao wa matangazo, wenye majina yetu na mikoa tuliyopangiwa kazi. Mnaukumbuka? Karatasi zimepigwa chapa, maandishi yamefifia maana ni nakala ya nne au ya tano ya kaboni, nasi tumesongamana kama foleni ya sukari. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi wa kupata kazi au kukosa. Wasiwasi ulikuwa wapi. Kidole changu kikashuka mpaka kwenye jina langu, kikasogea kulia: Rukwa. Mimi, ambaye nje ya Moshi na Dar es Salaam nilikuwa naijua Ruvu tu, tena kwa ajili ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Nikapanda treni ya TAZARA hadi Mbeya na sanduku langu la bati, kutoka Mbeya nikadandia gari la mizigo mpaka Tunduma, na kutoka Tunduma lori la chumvi, kutwa nzima, vumbi mpaka kwenye meno. Nilikwenda kwa nia ya kukaa mwaka mmoja nikaombe uhamisho. Nilikaa kumi na mmoja. Marehemu mume wangu, mtu wa Marangu hapa hapa, kilomita chache kutoka kwetu, nilikuja kumfahamu Sumbawanga. Naye alikuwa amepangiwa.

Mjukuu wa dada yangu, ambaye amemaliza chuo na sasa anauza vifuniko vya simu Moshi mjini huku akisubiri usaili, nilimsimulia habari za ubao akadhani natunga. "Kwa hiyo bibi, hamkuandika hata sivii?" Nikamwambia hatukuandika. Wala hatukuulizwa.

Halafu mnakumbuka umri wetu ulivyokuwa vurugu. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka mtu akafanye kazi kwanza ndipo aombe chuo kikuu. Wasichana tulikuja kuondolewa sharti hilo, tukawa tunaingia moja kwa moja tukitoka JKT. Ndiyo maana darasa moja lilikuwa na mabinti wa miaka ishirini na wanaume wenye watoto wawili na barua za mkopo wa baiskeli. Kuna mmoja nilimwamkia shikamoo muhula mzima wa kwanza. Leo ananiita dada, na anakana kabisa kwamba aliwahi kuitikia marahaba.

Sasa habari zenu. Nianze na yule aliyepangiwa benki, tuliyemwonea wivu kwa sababu ya viatu. Alipunguzwa kazi miaka ya tisini, wakati mashirika ya umma yanauzwa, hilo mnalijua. Ambalo hamkulijua ni kwamba kiinua mgongo chote alikinunulia Hiace, akaiweka njia ya Mwenge na Posta, na dereva alipomtoroka aliendesha mwenyewe miezi minne, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi asije akatambuliwa na mmoja wetu. Anasema siku moja alinibeba. Anasema nilishuka Makumbusho nikimgombeza konda kwa ajili ya chenji, na yeye amejikunyata kwenye usukani anaomba Mungu nisizunguke upande wake. Kaka, ungejitokeza ningekuachia ile chenji. Sasa hivi anawafundisha akina mama wa vikoba huko Kimara kuandika vitabu vya hesabu, bila malipo, na ameniandikia kwamba katika kazi zote alizofanya hii ndiyo aliyoisomea.

Mwanasheria wetu amefunga ofisi, amepanda parachichi za Hass Njombe. Ametuma picha kumi na saba za mti mmoja.

Wale wawili wa hisabati waliokimbilia Botswana miaka ile mshahara wa hapa haukuwa ukifika wiki ya pili, mmoja karudi yuko Bukoba, mwingine kabaki Gaborone. Wajukuu wanamwamkia kwa Kisetswana, yeye anawaitikia marahaba. Dada yetu wa Unguja yuko Muscat kwa mwanawe, na analalamika kwamba hata soko la Muttrah hawezi kumsengenya mtu kwa Kiswahili, maana anayesengenywa hugeuka akajibu. Mganda wetu, aliyekuja Mlimani akiwa mkimbizi akarudi kwao 1986, amestaafu utumishi wa serikali, anafuga ng'ombe karibu na Masaka. Ameandika kwa Kiswahili kilekile cha kafeteria, pamoja na tusi moja ambalo nimelifuta.

Na wastaafu wa serikali, nane kati yenu mmeandika jambo moja kana kwamba mlikaa kikao: uhakiki wa pensheni, yaani kuithibitishia simu kwamba uko hai. Weka uso hapa, fumba macho, fumbua, geuka. Mwenzetu mwenye mtoto wa jicho alikataliwa mara tano mfululizo, mpaka mjukuu wake akamwambia, "Babu, inasema haikuoni kama mtu." Mara ya sita alikasirika, akaikodolea macho kwa hasira, ikamkubali. Amesema mwakani ataanza na hasira.

Huku mlimani, namaanisha mlima wenyewe na si kilima chenu cha Ubungo, habari ni kahawa. Mwezi huu bei ya arabika kwenye soko la dunia imepita kilele cha 1977. Wa huku mnaikumbuka 1977. Baridi kali ilikuwa imeunguza mibuni ya Brazili Julai 1975, bei ikapanda na kupanda, na baba yangu akaezeka nyumba bati jipya na kuninunulia viatu vya shule jozi mbili kwa mpigo. Bati hilo lipo hadi leo. Baada ya hapo ikaja miaka mirefu ya bei ya kukatisha tamaa, watu wakang'oa. Jirani yangu aling'oa mibuni yake yote akajaza migomba. Sasa kila jioni anasimama ukingoni mwa kihamba changu, mikono nyuma, anaihesabu mibuni yangu minane, michakavu, ambayo haikung'olewa kwa sababu ya uvivu wangu tu na si kwa akili yoyote. Ananisifu kwa kuona mbali. Namwacha anisifu.

Mwenzetu wa uchumi ameandika kutoka Rombo kwamba mwezi wa nne alipanda miche mia mbili. Ana miaka sabini na mmoja. Mbuni huchukua miaka mitatu, minne, kabla hujachuma cha maana. Nilipiga hesabu, nikanyamaza, kisha nikamwagiza aniwekee miche hamsini.

Magari yameanza kuingia. Tangu juzi barabara ya kutoka Himo kupanda huku inakwenda kwa kunyata, na vitongoji ambavyo mwezi wa tano vina vikongwe na kuku sasa vina muziki. Wangu wawili wanafika kesho na watoto, mmoja na mkwe ambaye bado anaogopa kisusio, supu yetu ya damu. Mbuzi wa ndafu yuko amefungwa chini ya mparachichi na wajukuu wa jirani wamekwisha kumpa jina, jambo ambalo litatuletea kilio Jumatano. Leo alfajiri mlima ulijitokeza mzima kwa dakika kama kumi, kisha mawingu yakafunga. Nawatakia Krismasi njema, na mwaka wa 2025 wenye mishumaa michache. Ndugu zangu Waislamu, Ramadhani ikiingia mwanzoni mwa Machi tutasalimiana tena, na daku zamu yenu kutuma picha.

Limebaki moja, ndilo lililonikalisha kuandika.

Jana nilifagia kaburi la mume wangu, nikapunguza masale yaliyolizunguka maana yamekuwa msitu. Nikabaki nimesimama na jani moja mkononi. Wasio Wachaga niwaambie: sale ndilo tunalopanda kwenye mipaka na makaburini, na ndilo mtu analobeba akienda kuomba msamaha. Ukiletewa sale hukatai. Unaweza kununa, unaweza kudai mbuzi, lakini kukataa hukatai.

Mwaka 1982 nilikaa chumba kimoja na binti wa Pangani. Mama yangu alinitumia nusu mche wa sabuni, na mnajua sabuni ilikuwa nini mwaka ule. Tulikuwa tunakula ugali wa yanga, yaani wa mahindi ya njano, na kuoga kwa matumaini. Nikarudi kutoka maktaba nikakuta kanga zake zote zimeanikwa, nyeupe kwa weupe wake, na sabuni imebaki kama kipande cha kucha. Nikamwita mwizi, koridoni, watu wanasikia. Hakuwa mwizi. Alikuwa amefua na mashuka yangu, yalikuwa yameanikwa upande wa pili ambako sikutazama. Siku kumi na moja hatukusemezana. Nilipotoka likizo nikaja na jani la sale nimelifunga fundo, nikaliweka juu ya kitanda chake. Akaniuliza, "Hii mboga gani, mwenzangu, mbona ngumu?" Nilipomweleza alicheka mpaka akakaa sakafuni. Jani lile alilifanya alama ya kitabu mpaka likawa rangi ya chai.

Agosti mwaka huu aliuliza hapa kundini, kwa haki yake yote, mchango wa matibabu ya mwenzetu umefikia wapi, maana ulikuwa umekaa kwangu siku tisa. Ulikaa kwa sababu nilisahau namba ya siri ya simu, nikaikosea mpaka ikafungwa, nikaona haya kusema. Mwalimu mkuu mstaafu, miaka thelathini na saba ya kuwaambia watoto wa watu waandike mahali wasipopasahau. Badala ya kusema hivyo, nikajibu nilivyojibu, mliona. Kisha nikamtoa kundini. Ni kubonyeza mara mbili tu. Hakuna aliyenikemea, na hilo nalo nawadai.

Kwa hiyo ile tahadhari ya mwanzo, ya ujumbe kutoka nje ya kundi, naifuta. Ujumbe huu usiishie hapa. Yupo ambaye hayumo humu, na nyote mna namba yake. Mpelekeeni, hata kama itapitia Arusha.

Mwenzangu: jani nimelifunga fundo, nimelizungushia gazeti lililoloweshwa. Limo kwenye kikapu pamoja na ndizi mshare, na kahawa ya mibuni minane niliyoikaanga mwenyewe, imeungua kidogo. Kikapu kinashushwa Himo alfajiri, kipakiwe kwenye basi la Tanga. Jina lako liko juu, na chini yake nimeandika ile namba ya chumba. Mche wa sabuni nao umo, mzima.

Katibu wenu,
Marangu