Pasaka na rafti ya Sagana haviendani, angalieni mto kabla ya kalenda

Mhariri,

Kila mwaka ikifika Februari hivi mambo ni yale yale, magrupu ya wasapu yanawaka moto, vijana wa kanisa wana trip, ofisi ina timbilding, chama nacho kimechoka kukula nyama Kenol na kurudi nyumbani kwa hivyo mwaka huu wanataka kuenda Sagana kuteremka mto na boti la mpira, yaani rafti, na ukiwauliza wanaenda lini wote jibu ni moja tu, Pasaka. Nimesoma barua za wasomaji wenzangu wakilia bei, wakilia barabara, lakini hakuna anayeuliza hili swali, kwani ni nani alisema Pasaka ndio wakati wa rafti?

Hebu tupige hesabu kidogo. Pasaka haijawahi kutoka nje ya Machi 22 na Aprili 25, hiyo ni hesabu ya kanisa ya tangu enzi na enzi, na mvua ndefu zetu ni Machi mpaka Mei na Aprili ndio kilele chenyewe. Maana yake kila mwaka Ijumaa Kuu inaangukia ndani ya masika ama mlangoni pake. Halafu shule nazo zinafungwa Aprili. Yaani ule wakati watu wengi zaidi wana nafasi na pesa kidogo mfukoni ndio huo huo mto hauaminiki hata kidogo, na sijui kama kuna mchezo mwingine hapa Kenya ambao likizo na usalama vimepishana hivi.

Kuna mtu atasema ah lakini siku tulioenda sisi jua lilikuwa linawaka. Ndugu yangu, jua la Sagana halikwambii kitu. Ule mto pale ndio Tana ikianza, maji yanashuka kutoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, Ragati inaleta yake, na juu kule hakuna bwawa kubwa la kuyazuia, Masinga iko chini baada ya sehemu ya rafti sio kabla. Kwa hivyo mvua ikipiga huko Nyeri na Karatina jioni wewe ukiwa Nairobi unapaki begi, hayo maji hayana pa kusubiri, yatashuka usiku na utayakuta asubuhi, mbingu ni samawati kabisa na mto una rangi ya chai ya maziwa iliyozidi majani. Ukiona hiyo rangi na vijiti na matawi vinapita katikati ya mto kwa haraka, usiulize tena habari ya jua.

Na hii habari ya mvua kunyesha kwingine na maji kuua kwingine sio hadithi za kutisha watoto. Pale Hell's Gate, korongo la Ol Njorowa, maji ya ghafla yalichukua vijana saba wa kanisa Aprili 2012, halafu Septemba 2019 yakachukua tena watu saba, na Septemba wengi wetu tunaihesabu ni kiangazi. Korongo na mto mpana sio kitu kimoja, najua, na watu wa rafti wana helmeti na majaketi ya kuelea na jamaa wa kayaki, kile kimtumbwi cha mtu mmoja, anayetangulia mbele, lakini kanuni ni ile ile, lazima uulize huko juu kumenyesha nini.

Sasa wengi wanafikiri maji yakiwa mengi ndio raha inazidi. Mimi napenda sana huu mchezo na nakwambia si kweli, angalau si kweli kwa mto kama huu wetu. Maji yakipanda mpaka yakafunika mawe, sehemu nyingine ambazo zilikuwa na mawimbi mazuri zinakuwa laini tu, zinapita hivi bila kitu, halafu hatari inahamia kando, kwenye vichaka na miti iliyoinama ndani ya maji. Maji yanapita katikati ya matawi, mtu hapiti. Hapo ndipo watu wanaumia, sio kwenye yale mawimbi ya kupigia picha. Na magogo, magogo yaliyong'oka huko juu yanakuja nyuma yenu na hamyaoni.

Nahodha wa boti huwa anawafundisha kabla ya kuingia, ukianguka lala chali, miguu mbele na juu, vidole vya miguu uvione juu ya maji, na usijaribu kusimama hata kama unahisi mchanga chini kwa sababu mguu ukiingia katikati ya mawe mawili maji yatakusukuma kifudifudi na hapo hata maji ya kiunoni yanatosha kukumaliza. Watu wanaitikia ndio ndio huku wanapiga selfi. Siku ya maji ya wastani ukisahau hayo mafundisho unameza maji, unatapika, unavutwa ndani ya boti kwa mabega ya jaketi na watu wanacheka, siku ya maji ya Aprili muda wa kukumbuka wenyewe haupo kwa sababu ukishika pumzi mara mbili umeshafika mkondo unaofuata. Hii ndio tofauti yenyewe na hakuna brosha inaisema.

Kinyume chake, yaani maji yakiwa kidogo, nako kuna watu wanadanganywa. Februari mwishoni, ama Septemba kuingia Oktoba kabla ya vuli, mto unashuka na mawe yanatoka nje. Boti inakwama juu ya jiwe, nahodha anawaambia wote hamieni upande wa kushoto, rukeni rukeni, sukumeni na makasia, mnaruka pale kama dakika kadhaa ndio inaachia, mnaenda kidogo inakwama tena. Kwa familia yenye watoto wakubwa, ama mtu anayeogopa maji na anataka tu kuonja, huu wakati ni mzuri sana kwa kweli, maji yana rangi safi, unaona unapoenda, na muda wa kumtoa mtu ni mwingi. Ila ukianguka unagonga magoti na makalio kwenye mawe, na kama ulilipa ukitarajia gredi ya 4 utarudi nyumbani unanung'unika. Ile skeli ya ukali wa mito ni ya 1 mpaka 6, 6 ikiwa kali zaidi, na ambalo watu hawaelewi ni kwamba gredi inapanda na kushuka na maji, mkondo ule ule ulioandikwa 3 kwenye tangazo unaweza kuwa 2 mwezi mmoja na kuwa kitu kingine kabisa mwezi mwingine.

Haya basi twende lini. Mimi nikiulizwa, na huwa naulizwa, nasema mkia wa mvua. Sio mvua yenyewe, mkia wake. Milima imeshiba, mto umejaa vizuri lakini haupandi na kushuka kila usiku, maji yanaanza kusafika. Na hapa kalenda yetu ya kitaifa imetubeba bila kujua, kwa sababu Madaraka ni Juni 1, masika yameshaisha ama yanaishia, na Jamhuri ni Disemba 12, vuli inamalizika. Hizo holidei mbili ndizo ningezipigia debe kila mwaka kuliko Pasaka. Juni yote kwa kweli na Julai mwanzo ni nzuri, shida yake ni baridi tu, ule mto unatoka mlimani na Julai wingu limekaa juu ya Murang'a na Kirinyaga siku nzima, mkitoka kwenye maji midomo ni zambarau, basi bebeni sweta na chai ya flaski na muache kulalamika. Januari pia ni tamu, jua lipo, maji ya Disemba bado yapo, na watu hawana pesa kwa hivyo hakuna msongamano. Mashujaa Oktoba 20 ni bahati nasibu, mwaka mwingine vuli imeanza mwaka mwingine mto ni mawe matupu.

Lakini hata huo ushauri wangu usimezwe mzima mzima, kwa sababu miaka haifanani. Vuli ya 2023 ilikuwa ya El Niño na Jamhuri ya mwaka huo Tana ilikuwa imejaa vibaya, huko chini Garissa na Tana River watu walihama nyumba zao. Masika ya 2024 yakaja tena na mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 200 nchi nzima. Ukirudi nyuma kidogo, kuanzia mwisho wa 2020 mpaka 2022 mvua zilikataa msimu baada ya msimu, na huo ukame ungemkuta mtu Disemba akitafuta mawimbi ambayo hayapo. Kwa hivyo mwezi ni mwanzo tu wa mazungumzo, baada ya hapo sikiliza utabiri wa msimu wa Idara ya Hali ya Hewa, halafu wiki yenyewe piga simu kwa mtu anayeishi pale mtoni sio kwa ofisi ya Nairobi.

Kuna wanaosema basi tupande basi twende Jinja, Uganda, maana kule maji ni mwaka mzima. Hapo nakubali, na sababu yake inafaa kujulikana. Naili ikitoka Ziwa Victoria inapita kwenye mabwawa, Nalubaale ambalo lipo tangu 1954 na Kiira pembeni yake, kwa hivyo maji yanaachiliwa na watu, sio na wingu la jana. Ni mto mkubwa, maji yake ni ya vuguvugu ukilinganisha na yetu, na mtu anaweza kupanga Pasaka bila wasiwasi huu ninaousema. Bei yake ni kwamba mabwawa hayo hayo yamekula mchezo wenyewe, Bujagali lililokamilika 2012 lilizamisha maporomoko yenyewe ya Bujagali, na Isimba la 2019 likafunika mengine huko chini, kwa hivyo anayekusimulia Jinja ya zamani anakusimulia mto ambao nusu yake hauko tena. Na Zambezi, kwa wale wa kusafiri mpaka Livingstone kule Zambia, huko ndiko kalenda inachanganya kabisa, mvua inaisha Machi lakini mto unajaa Aprili kwa sababu maji yanatoka mbali Angola na yanatambaa polepole kwenye mbuga za Barotse. Aprili ni ya kuangalia Mosi-oa-Tunya, yale maporomoko ya Victoria, na kulowa na manyunyu, rafti ya korongo la Batoka ni Agosti mpaka Disemba maji yakiwa chini. Mtu akikuuzia ile rafti kamili ya mwezi wa nne mkimbie.

Sasa niseme kilichonifanya niandike. Kuna kampuni moja, sitaitaja, ilichukua malipo ya awali ya grupu letu kwa Mpesa kwa ajili ya wikendi ya Pasaka, mvua ikapiga wiki nzima, tukaomba tu kusogeza mpaka Juni, jibu likawa pesa hairudishwi na tarehe haisogezwi, mto ukifungwa mtapewa chakula cha mchana na mpira wa wavu. Mpira wa wavu! Wengine kwenye grupu wakaanza kusema basi twende tu, pesa imeshaenda, na hapo ndio nikaona ubaya wa hiyo sheria, kwa sababu inamsukuma mtu kuingia kwenye maji ambayo kichwa chake kinamwambia asiingie. Najua ziko kampuni zinazokubali kusogeza tarehe bila maneno na zinafunga mto zenyewe bila kuombwa, hizo ziandike hivyo wazi kwenye matangazo yao tuzijue.

Na nyinyi gazeti mnaochapisha hayo matangazo ya ofa za Pasaka ukurasa mzima wa rangi, naomba kitu kidogo. Mnatuwekea hali ya hewa ya Nairobi, Mombasa, Kisumu, ongezeni mistari miwili tu ya Nyeri na Karatina siku ya Alhamisi na Ijumaa, mvua ilinyesha ama haikunyesha na mto wa Sagana unapanda ama unashuka. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ina vipimo kwenye mito, muulizeni ofisa wao mmoja awe anawatumia. Grupu letu limeshapanga Madaraka, na tarehe ya akiba tumeweka wikendi mbili baadaye, kampuni tuliyoichagua safari hii imekubali zote mbili kwa maandishi.

Msomaji wenu,
Thika