Maji ya Korongoni

Dodoma, Oktoba

Rafiki yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Watoto hawajambo? Sisi huku ni jua na vumbi, mvua bado.

Siku ile uliponiuliza kwenye simu, "Vipi hali ya kiroho?" nikakujibu, "Tunamshukuru Mungu," nikageuza maongezi. Nilikukwepa. Tangu Pasaka nilikuwa sijafungua Biblia nje ya ibada. Kila asubuhi kundi letu la kwaya linarusha mstari wenye picha ya maua, nami naandika "Amina" kabla sijaumaliza. Nikaona yatosha. Na wala sikusikia kiu, jambo ambalo nikilikumbuka linanitisha kuliko yote.

Mwezi uliopita nikaenda kumwona mama kijijini. Unajua kwetu kiangazi mto hubaki mchanga mtupu, watu wakachimba visima humo humo korongoni. Nikachimba hadi mkono ukazama kwapani, maji yakaja, rangi ya chai ya maziwa. Nikaanza kujaza ndoo. Mama akacheka: "Hayo mwaga, mwanangu. Yangoje mengine." Tukamwaga mara nne. Tukakaa mkuyuni tukipiga soga, na tuliporudi yalikuwa yametulia, chembe za mchanga unaziona hadi chini.

Usiku akaniomba nimsomee, maana macho yake hayawezi tena herufi ndogo. Akataka Zaburi ya 42: "Kama ayala aioneavyo shauku mito ya maji." Akanikatiza: "Hivi ayala ni mnyama gani?" Miaka yote hiyo naimba kwaya, sijui! Nikakumbuka tafsiri ya Habari Njema imeandika paa. "Kumbe paa," akasema, "wale wanaoacha nyayo kwenye visima vyetu usiku." Kisha akanyamaza muda mrefu.

Nikaendelea hadi mwisho, na ndipo nikagundua kitu ambacho sijawahi kukisikia kikihubiriwa: yule mtu hatuambiwi kwamba alikunywa. Machozi ndiyo chakula chake, watu wanamuuliza Mungu wake yuko wapi, na zaburi inafungwa bado akiisemesha nafsi yake imtumaini Mungu. Kumbe hata kiu inaombewa! Mimi nilikuwa naona aibu kuja mbele za Mungu nikiwa mkavu.

Basi nimeanza Injili ya Marko, sura 16 tu, moja kila alfajiri kabla sijashika simu. Siku mbili za kwanza zilikuwa tope, nasoma huku nawaza ada za shule. Ya tatu nilikwama kwa yule mwenye mkono uliopooza, nikachelewa kazini.

Ukija Krismasi, pitia duka la Chama cha Biblia ukamchukulie mama ile ya maandishi makubwa. Hela nitakutumia. Na chagua tafsiri ya Union, maana ameshasema: hata kama ayala hamjui, amemzoea.

Wako katika Kristo,
Mama Upendo