Jamani, betri ya mraba siyo ya roboti

Mhariri, naomba kanafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, kuna kitu kimenikaa kooni tangu wiki iliyopita.

Mi ni fundi simu huku Mbagala, mambo ya roboti sikuyasomea popote, ila mtoto wa dada yangu yuko form two na wamepewa kazi ya kutengeneza kagari kanakokwepa ukuta, ana bodi ya Arduino (kale kakompyuta kadogo kanakoendesha mota kwa programu), mota mbili zile za njano, na betri ya mraba ya volti 9 aliyoikuta humohumo kwenye boksi. Kaja kibandani karibu alie, "anko, kanaenda hatua mbili kanazima, halafu kanaanza upya". Kaandika programu upya mara nne akijua kosa ni lake!

Nikashika mita. Mota zikiwa zimetulia inasoma 9 na kitu, zikianza tu kuzunguka inaporomoka. Ile betri ukiifumua ndani kuna vibetri sita vidogo vya volti moja na nusu, havina msuli, ni vya king'ora cha moshi au mita kama hii yangu, vitu vinavyokula umeme kwa kunusa. Sasa mota zinavuta kwa pupa, volti inashuka, bodi inakata pumzi inajiwasha upya. Na hata umeme unaofika, bodi inataka volti 5, zile 4 za juu zinaungua bure kwenye kichipu cha kupunguza umeme, kiguse uone kinavyochemka, yaani karibu nusu ya betri inaenda kupika chai.

Nikafungua droo nikampa betri ya kitochi, ile BL-5C ya Nokia ambayo siku hizi iko hadi kwenye vile viredio vya memori kadi. Volti 3.7, mAh 1020 (mAh ni kipimo cha chaji inayobeba). Kwenye makaratasi umeme wake haujaizidi ile ya mraba, hapo niseme ukweli, ila inatoa kwa nguvu mota zikitaka, na uzito wake ni kama nusu tu. Nikaiunga na kabodi kadogo ka kupandisha volti kufika 5, mota zenyewe nikazipa moja kwa moja kutoka kwenye betri. Kakazunguka kibanda mpaka kakaingia chini ya kabati. Chaji ikiisha ni chaja ya kobe tu, basi. Ila iliyovimba msiiguse, na msiikamue chini ya volti 3, inakufa.

Dogo akauliza mbona tusiweke kile kibetri cha saa, CR2032, si ni gramu 3 tu? Swali zuri, ila kale ni ka kuendesha saa miaka, mota hata moja hakaisukumi.

Sasa kilichonikaa kooni ni hiki. Kabla ya kuja kwangu alishachanga hela ya nauli akanunua ile betri ndefu ya duara ya kuchaji, 18650, duka moja la mjini, imeandikwa mAh 9900. Ndugu zangu, 18650 nzuri kabisa iko kwenye 3500 hivi, hiyo 9900 haipo duniani. Nikaipeleka kwenye mizani ya keki ya mke wangu: gramu 28. Ya kweli niliyoitoa kwenye betri ya laptopu mbovu: 46. Humo ndani sijui wamejaza nini, ila nilivyoichaji ikaisha kabla hata sijamaliza kubadilisha kioo cha simu ya mteja.

Kwahiyo naomba wanaohusika na viwango wapite madukani na mizani tu, hawahitaji mashine ya mamilioni. Na wanaopanga yale maboksi ya wanafunzi watoe ile ya mraba, mtoto anakata tamaa anadhani hana akili kumbe betri ndo haina.

Mwenye duka nilimrudishia ile 9900 nikadai hela ya mtoto. Hela hakutoa, kanipa tochi, na betri ya ndani nayo imeandikwa 9900.

Fundi simu,
Mbagala, Dar es Salaam