Kima wetu amekwama katikati ya bahari

Assalaam alaikum wazazi, wazee wa mitaa, wanafunzi wa zamani na ndugu zetu mlioko Mombasa na Ghuba.

Watoto wa chama cha kompyuta cha shule yetu ya msingi, hapa Lamu, wanatengeneza mchezo wa kompyuta. Hadithi yake mliisikia kwa bibi zenu: kima juu ya mkuyu, rafiki yake papa, na ule mwaliko wa hila, kumbe Sultani wa papa ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Mchezaji ndiye kima. Kwanza anamrushia papa kuyu. Kisha yuko mgongoni mwake, pwani haionekani, naye achague maneno ya kumshawishi kwamba moyo ameuacha mtini. Akikosea, maji yanampanda hadi kidevuni.

Wanatumia Scratch, programu ya bure ya chuo cha MIT cha Marekani, iliyotolewa mwaka 2007. Ikishawekwa haihitaji intaneti, kwa hiyo hapo hatuombi hata senti. Papa ni karatasi ya manila: taya limekatwa kando, linasogezwa kidogo, linapigwa picha kwa simu ya mwalimu, linasogezwa tena. Kufungua mdomo mara moja tu kulikula picha 12 na kipindi kizima. Naye punda tuliyetaka kumrekodi sauti, awe punda wa dobi ambaye kima anamsimulia papa hadithini, alikaa kimya nusu saa mbele ya simu, kisha akalia mwigizaji wa Sultani alipoanza kusema. Tumeiacha hivyo hivyo. Imependeza kuliko tulivyopanga.

Watoto ni 23, kompyuta zinazowaka ni mbili. Ya tatu iliungua siku umeme uliporudi kwa nguvu, na safari yote ya baharini ilikuwa humo. Nakala hatukuweka, kosa ni letu walimu.

Tunahitaji shilingi 40,000: kompyuta mbili za mtumba 34,000, maikrofoni 3,500, na 2,500 za kifaa cha kukinga umeme pamoja na flashi za kuhifadhia kazi. Mahamri ya watoto yameshaleta 11,200. Bado 28,800.

Harambee ni Jumamosi hii uwanjani, baada ya swala ya alasiri. Njooni na watoto, watairushia kuyu ile manila wenyewe. Aliye mbali atume kupitia mweka hazina wa kamati ya wazazi. Hata shilingi 50 itaandikiwa risiti. Na mwenye kompyuta kuukuu kabatini ailete, hata kama imekosa herufi mbili tatu. Fundi tunaye.