Waliosaga unga wa vita hawakuwa kwenye orodha ya malipo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Makala yenu ya Siku ya Mashujaa, iliyohusu vita vya Mwingereza na Mjerumani katika ardhi yetu kuanzia 1914 hadi 1918, nimeisoma mara mbili na nimeikata nikaihifadhi. Ni makala nzuri. Ila kuna sentensi moja iliyonikera, ile inayosema wanaume walichukuliwa na wanawake wakabaki nyumbani. Mwandishi wenu anadhani huko nyumbani walikuwa wamekaa mkekani wakisukana?

Nilikuwa karani wa mishahara katika shamba moja la mkonge upande wa Kilosa, kazi niliyoianza miaka ya sabini na kuifanya hadi nilipostaafu. Mtu aliyeketi kwenye meza ya mishahara hujifunza haraka kwamba asiyeandikwa kwenye orodha hana madai, hata kama mikono yake imechubuka mbele ya macho yako. Nimeona wanawake wakianika singa juani kutwa nzima, kazi ikaandikwa kwenye kipande, yaani kadi ya kazi, cha mume, na mume akaja kuweka dole gumba na kuondoka na fedha. Kwa hiyo nikisoma habari za vita vile, jicho langu huenda kwanza kwenye orodha. Nani alilipwa? Kiasi gani? Nani alifanya kazi na hayumo?

Wapagazi walikuwemo. Mwingereza aliandikisha watu karibu milioni moja kwa ajili ya mizigo katika vita hivi vya Afrika Mashariki, na kwa hesabu yake mwenyewe waliokufa hawapungui 95,000, wengi kwa kuhara, malaria na homa ya mapafu kuliko kwa risasi. Mshahara wao ulishushwa hadi rupia tano, sita hivi, kwa mwezi. Kidogo, lakini kiliandikwa. Kila mmoja alikuwa na namba yake. Kambi yao Dar es Salaam ndiyo iliyotuachia jina la Kariakoo, na hilo mliliandika vizuri.

Sasa mpagazi alikula nini? Posho yake ilikuwa unga. Kabla meli na reli hazijaleta unga wa mbali, na hata baadaye, majeshi yote mawili yalikula nafaka ya vijiji yalimopita. Nafaka ile ilipaliwa na nani, ikavunwa na nani, ikasagwa na nani? Huku kwetu Ugogo mtama na uwele vilisagwa juu ya jiwe, umepiga magoti, uzito wote ukiwa mabegani. Nimesaga hivyo nikiwa binti, kabla mashine haijafika kijijini kwetu, na nusu debe tu ilikuwa inanilaza mapema. Jumbe anapoambiwa alete unga wa askari, haendi yeye kwenye jiwe. Anapita nyumba kwa nyumba akiwaambia wanawake. Sijaona kitabu chochote cha malipo chenye safu ya wasagaji.

Kisha kuna wale waliotembea na jeshi lenyewe. Askari wa Mjerumani walikuwa na wake zao na watoto kwenye safari, tangu kaskazini, wakavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, wakarudi tena hadi Rhodesia ya Kaskazini. Wanawake hao walibeba vyombo na watoto, wakatafuta maji na kuni mwisho wa mwendo wa siku, wakapika. Wengine hawakuchagua safari hiyo, walitekwa njiani. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi hilo la Mjerumani, aliposalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, vitabu vinatuhesabia Wajerumani 155 na askari 1,168. Wanawake walikuwepo kwa mamia. Waliwalisha askari hao kwa miaka, lakini watu wakisimulia siku ile husimulia bunduki zilizowekwa chini.

Malipo ya askari yalikuja baadaye sana. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wazee waliokuwa bado hai malimbikizo yao. Husimuliwa kwamba Mwanza walifika wazee mamia, wachache tu wakiwa na vyeti, basi mtu wa benki aliyeleta fedha akawapa ufagio mmoja mmoja waushike kama bunduki, huku akiwaamrisha kwa Kijerumani. Walikumbuka wote. Hadithi hii huwachekesha watu, nami nilicheka nilipoisikia mara ya kwanza. Ila wajane wa kampeni ile, ambao ufagio waliushika kwa kazi yake halisi, nani angewapa jaribio? Wangeamrishwa wafanye nini, wapepete?

Kwa upande wa Mwingereza habari ni mbaya zaidi, na hapa mwandishi wenu hakugusa kabisa. Mpagazi aliyekufa porini alikuwa anadai mshahara wake. Fedha hizo kwa haki zilikuwa za waliobaki, yaani mke au mama aliyekuwa amelima peke yake misimu miwili mitatu. Wengi hawakupatikana, au hawakutafutwa vya kutosha, na fedha zikaitwa zisizo na mwenyewe. Maofisa wa Kenya walipoomba zitumike kwa manufaa ya Waafrika, London ilikataa. Kwa lugha ya ofisini kwetu hiyo ni mishahara ambayo haikudaiwa. Mimi ningeomba kwanza kuonyeshwa nani alitumwa kumwambia mjane kwamba ana cha kudai.

Hapa Ugogo hata huo muda wa kudai haukuwepo. Mjerumani alichukua ng'ombe, nafaka na vijana. Mwingereza aliingia Dodoma mwishoni mwa Julai 1916, naye akachukua vilevile, maana jeshi lake lilikuwa linaelekea Iringa na lilihitaji mabega. Mvua ya msimu uliofuata ikagoma. Ikaja njaa ambayo wazee wetu wanaiita Mtunya, na inakadiriwa iliua watu 30,000 katika wilaya ya Dodoma. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtoto wakati huo. Alisimulia jinsi mama yake alivyochemsha ngozi ya kulalia wakainywa mchuzi wake, na jinsi alivyokwenda kuchimba mizizi mbali akarudi na kapu nusu. Baba yake bibi alikwishachukuliwa mizigo na hakurudi. Hakuna rupia iliyofika nyumba ile.

Mtu atasema ndivyo zama zilivyokuwa, mwanamke hakulipwa popote. Si kweli. Agosti 1918, mfalme akiwa yule yule na vita vile vile, makondakta wanawake wa mabasi na tramu za London waligoma kwa sababu wanaume walipewa nyongeza ya shilingi tano kwa wiki na wao wakanyimwa. Mgomo ulisambaa hadi miji mingine, na nyongeza wakaipata. Sitaki kuwalinganisha na bibi zetu kwa wivu. Wale walikuwa na chama, na walikuwa kwenye orodha. Mgomo wa mtu asiye kwenye orodha humwumiza nani zaidi ya watoto wake?

Ukienda pale kwenye Sanamu ya Askari, Dar es Salaam, iliyosimikwa 1927, soma maandishi ya Kiswahili. Wapagazi wanatajwa kwamba walikuwa "miguu na mikono ya jeshi". Maneno mazuri, na wanastahili. Tumbo la jeshi halikutajwa.

Ombi langu ni dogo. Mkichapa tena makala hiyo mwakani, na najua mtachapa, maana magazeti huwa yanarudia, ile sentensi ifutwe na mwandishi aeleze nani alilima na kusaga. Makumbusho ya Taifa nao waangalie maelezo yao ya vita hivyo kwa jicho hilo hilo. Na kama gazeti lina nauli, mwandishi aje Mpwapwa. Wapo akina bibi hapa ambao mama zao waliipita Mtunya, nao husimulia bila kuombwa mara mbili. Aje kabla ya masika, kwa sababu maji yakijaa Gulwe hatavuka, na asisahau kuwalipa kwa muda wao.

Karani mstaafu wa mishahara,
Mpwapwa, Dodoma
(Jina na anwani vimehifadhiwa)