Vipuri vya kompyuta yetu

Asalaam aleikum jamaa. Michango imetimia, ahsanteni. Kabla mtu hajapanda basi la Mombasa, tukubaliane.

Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, nasema Ryzen 5 5600G. Iangalieni hiyo G: ndiyo yenye sehemu ya picha ndani, kwa hiyo hatununui kadi ya picha. Mkiuziwa 5600 tupu, skrini itabaki nyeusi. Ubao mama, ule unaobeba vipuri vyote, uwe wa soketi ya AM4, yaani tundu linaloingia prosesa hii, na ramu, kumbukumbu ya muda, iwe aina ya DDR4. DDR5 haiingii humo. Tuchukue vipande viwili vya GB 8, si kimoja cha 16, maana picha za prosesa hii zinatumia ramu hiyo hiyo, na viwili vikifanya kazi pamoja kasi inapanda.

Diski ya kuhifadhia ni SSD, ile isiyo na sahani ya kuzunguka, ya GB 500, basi.

Kwenye pawa saplai, kile kifaa cha kulisha vipuri umeme, tusibane senti. Mimi nilishanunua ya bei ya kutupa. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ikafa na ubao mama wangu. Wati 450 ya kampuni inayojulikana yatosha. Kasha ni lile kuukuu, nishalisugua kutu ya chumvi.

Nani atapokea mzigo gatini Mokowe, ng'ambo ya kisiwa cha Lamu? Aje na turubai, bahari imechafuka.