Amani, hii barua soma kwa sauti

Mama, jambo. Jambo yenu wote hapo nyumbani, Koko, Shangazi na watoto yake, na wale wa kwa Mujomba kama bado wanapita kuwasalimia (ile mambo ya kiwanja musinitumie tena vokali, ile sauti ya kurekodi, moyo yangu inapanda, tutaongea siku nyingine). Nimeandika ju kwa simu network inakatikaka paka pale penye neno la maana, alafu pia Amani kwa simu ananijibu mbio mbio paka ananimaliza. Hii atasoma yeye mwenyewe, mbele yenu wote. Miwani ya Mama ilivunjika, hakuna mwengine wa kusoma. Amani, usiruke mustari hata moja. Nitamuuliza Koko.

Basi nimepata message yako ya dola 150. Umeandika minervali, yaani karo ya inivesite, ni 60, ile 90 ingine ni "ya asistani", musaidizi wa profesa, ju kozi yake inakamataka watu kila mwaka na bila kumuona na makuta mutu hapiti sesyo ya kwanza ya mitihani. Alafu juu yake ukaongeza mustari ya Biblia, kama vile mutu anatupa pilipili juu ya sambaza, samaki wadogo wa ziwa, ili harufu isisikike: Mhubiri 10:19, "na fedha huleta jawabu la mambo yote." We Amani! Nilicheka peke yangu ndani ya treni ya Ottignies, huku Ubelgiji, muzungu mmoja akahama kiti. Kufika nyumbani nikakuwa sicheki tena.

Haki yako nakupatia. Najua vile muko. Tangu ile Februari ya 2025, M23 waliingia Bukavu, mabenki ilifunga, ndege ikaacha kushuka Kavumu, uwanja wetu wa ndege, kozi mulisoma nusu nusu, na mutu mwenye kukaa miezi bila mushahara akikuuzia pointi, ile ni njaa inauza. Siwezi muhukumu yule asistani wakati mimi huku nakula mara tatu kwa siku. Lakini si yeye aliniandikia mustari mimi yaya yako, dada yako mukubwa, ni wewe, na mustari yenyewe uliikata.

Kamata Biblia ya Papa sasa hivi, ile ya ganda nyeusi, fungua Mhubiri 10 anzia mustari wa 16. Soma. Inaongea nchi yenye ole, wakuu yake wanaanza karamu asubuhi. Inafuata habari ya paa yenye kunepa na nyumba yenye kuvuja ju watu mikono yao imelegea. Njo inafika pale kwako, na haianze na fedha, inaanza na karamu na kicheko na divai. Unaona ni nani anasema fedha inajibu yote? Mimi nasikia ni wale wa kwa meza, wamekunywa, na nyumba inavuja juu ya kichwa yao. Wewe ukatoa ile maneno kwa kinywa ya mulevi ukanitumia kama vile amri kumi.

Huku nikuelezee kitu. Hii inivesite yetu ilikuwaka moja na ile ya Leuven, alafu wale wa Kifaransa na wale wa Kiflamanda wakachokana, wakaachana, miaka ya 1970 njo wakajenga huu muji wetu hapa mashambani, Louvain-la-Neuve. Hata vitabu wakagawa. Unajua walivigawa aje? Kwa namba! Namba zenye kugawanyika kwa mbili upande moja, zingine upande ingine. Fikiria mutu anatafuta vitabu kumi vyenye namba za kufuatana, tano iko hapa, tano iko kule kwa mwenzake. Watu wakubwa wazima, maprofesa! Wakati nilisikia ile habari nilisema hawa watu wako na wazimu. Kumbe kwetu nyumbani pia kuna bibliotheki ya namna ile, ndani ya kichwa ya Amani.

Na usifikiri ni mimi nimeanza kuchunga mambo ya kukata. Mathayo 4, Shetani anamuambia Yesu ajitupe kutoka juu ya hekalu, anamutolea Zaburi 91, malaika watakushika. Papa alituonyesha hii tukiwa watoto, unakumbuka, umeme ilikuwa imekatika, taa ya petroli inatoa moshi: ukienda kwa Zaburi yenyewe utakuta imeandikwa "wakulinde katika njia zako zote", na Shetani ile "njia zako zote" ameiacha. Ju kujitupa si njia. Na Yesu hakumuambia Biblia ni uongo. Alimuambia, "Tena imeandikwa." Ile neno "tena" mimi naipenda sana, siwezi hata kueleza. Mutu akikuletea mustari moja, muulize na tena?

Ile ingine umeweka kwa profili yako, "kweli itawaweka huru", na koti umeazima kwa nani sijui (umependeza lakini, sikatae). Yohana 8:32. Rudi nyuma mustari moja tu: "Ninyi mkikaa katika neno langu, mmekuwa wanafunzi wangu kweli kweli." Wanafunzi, Amani! Si maaskofu, si wachungaji wenye suti. Na haisemi mukipita, haisemi mukichukua kipande ya wakati wa mitihani. Mukikaa. Wewe wa kukaa chini miezi yote ukisubiri valivu, ile karatasi ya matokeo, itoke na majina, unajua kukaa ni kazi. Kama unataka uhuru wa 32, ukamate na kukaa wa 31.

Sasa nijisifu kidogo, mutanisamehe, Mama najua unangojea hii. Kozi ya udongo nimepata 16 juu ya 20. Kumi na sita! Kwa hesabu ya huku ni kitu. Na unajua niliongea nini mbele ya profesa? Niliongea Funu, ule mutaa wa Bukavu. Niliwaonyesha picha za nyumba zenye ukuta imepasuka, mulango haifungi tena ju nchi yenyewe iko inateremuka polepole, nikaeleza ile udongo ya mfinyanzi ikikunywa maji inakuwa aje. Profesa akaniuliza kama watu wanajua. Nikamujibu wanajua sana, wanaziba na simenti kila mwaka. Wakacheka, mimi sikucheka. Usiku nikafungua Mathayo 7, ile ya mwamba na muchanga, nikaona kitu sikuonaka tangu nizaliwe: zile nyumba mbili zote zilinyeshewa mvua ile ile, mafuriko ile ile, upepo ile ile. Na wote wawili walisikia maneno. Mwenye kujenga kwa mwamba alipita mwenzake kwa kuyafanya tu. Nilifikiri Biblia inamuepusha mutu na mvua. Kumbe Bukavu yote inalowana, na mwenye kuomba na mwenye haombe.

Ile 16 Papa angeiandika kwa ukuta ya salon. Pole Mama, sikutaka kukuliza.

Sasa utasema, yaya iko huku kwa wazungu, ukweli kwake ni rahisi. Basi sikia, na Mama usiogope, ni kitu imekwisha. Unajua wikendi nafanya usiku kwa nyumba ya wazee. Saa fulani fulani ya usiku lazima tuwageuze wale hawawezi kujigeuza, ili mugongo usitoke vidonda, alafu unasaini kwa karatasi. Usiku moja tulikuwa wawili tu, tumechoka, mwenzangu akaniambia ile ya saa tisa tusaini tu, wanalala vizuri. Nikasaini. Mimi, mutoto wa mwalimu wa chekechea ya kanisa! Asubuhi nikapanda treni na ile Luka 16:10, "Aliye mwaminifu katika lililo dogo sana", inanipiga kichwani kama nyundo, ju kugeuza bibi mmoja ni kitu kidogo sana kweli, dakika tano haifike. Siku mbili sikulala. Ya tatu nikaenda kusema kwa mukubwa. Nilisema yangu tu, ya mwenzangu sikusema, lakini mwenyewe alijua, na sasa hanisalimie. Mukubwa aliandika, akanipunguzia masaa. Si kitu. Baridi pia si kitu, nimezoea.

Njo sababu dola 150 haiko. Hata kama ningependa kukusaidia kununua ile kozi, Amani, makuta yenyewe ilienda na ile karatasi. Nilikuwa naona aibu kuandika, nikakaa na message yako siku tisa nikikuacha ufikirie yaya amekuwa muzungu, amesahau.

Na usiniambie Biblia ni ya kanisani, shule ni kitu ingine. Danieli na wenzake walikuwa wanafunzi. Miaka mitatu ya programu kwa mufalme wa Babeli, lugha ya watu, vitabu ya watu, hata majina waliwabadilishia. Kozi hawakukataa. Majina hawakukataa. Walikataa sahani. Yaani kitu ambacho mutu wa kando angesema, hawa vijana na maneno mingi, si wakule tu! Sahani yako ni ile 90. Kama unahisi kozi umeifahamu, ingia sesyo ya kwanza bila kumuona mutu, ukianguka utafanya ratrapaje, mutihani wa kurudilia, na minervali ya mwaka ingine nitaibeba hata kama itakuja mwaka ingine. Nimesema mbele ya Koko, nisirudi nyuma.

Kwa hiyo natuma dola 75 kwa simu ya Mama, si kwa yako. Sitini ya minervali, na mutalipa wenyewe, Mama aende na Amani, resi, karatasi ya malipo, anipigie picha. Kumi na tano ya miwani. Komisyo nimesha ongeza juu, musikubali wakate tena.

Koko, asante kwa kuniombea, nasikia kabisa. Timotheo Paulo alimukumbusha imani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike, basi sisi tuko na wetu, na wa kwetu anatwanga sombe, majani ya muhogo, pia. Kama kuna mutu anakuja upande huu munitumie sambaza kavu, kidogo tu, muifunge vizuri sana ju mara ya mwisho valizi yote ya yule mama ilinuka, hakunisamehe paka leo.

Amani, kitu ya mwisho. Kwa ile Biblia, kwa Mhubiri 10, Papa aliandikaka kitu pembeni na biki nyekundu, ile ya kukosolea daftari. Nimejaribu kukumbuka wiki nzima ni nini, inakataa. Piga picha unitumie, usisome kwanza.

Yaya yenu,
Neema